Unauza sungura mtandaoni? Mteja ajue asichompa

Sungura akifa siku ya tatu baada ya kupokelewa, mteja hakumbuki kwamba jana yake alimpa maganda ya parachichi. Anakumbuka jina la ukurasa wako, na anaenda kuliandika kwenye kila grupu. Kwa hiyo ndugu muuzaji, kazi haiishii kumpakia kwenye boda.

Tuanze na hilo parachichi, maana lipo kila nyumba. Majani, maganda na kokwa vina sumu inayoshambulia moyo. Nyama yake nayo asipewe. Na sungura hawezi kutapika, akishameza ndo basi.

Majani ya nyanya na ya viazi mviringo pia hapana, pamoja na viazi vilivyoota au vyenye ukijani. Hapa wateja wanachanganya sana: matembele hayana shida, ila majani ya viazi mviringo ni sumu. Majani mabichi ya muhogo yana sianidi. Vitunguu vya aina zote vinaharibu damu. Chokoleti ndo kabisa.

Ila kinachosumbua zaidi wala si sumu. Ni ugali, wali, mkate na biskuti. Watoto wanampa kwa upendo, wanga ukizidi tumbo linavurugika, linajaa gesi, anaacha kula. Karoti nayo ina sukari nyingi (hizo katuni zimetuharibia), kipande kidogo mara mojamoja kinatosha. Pumba zenye ukungu tupa, usimwonee huruma kuku pia, hiyo ni sumukuvu.

Chakula chake hasa ni nyasi kavu, ziwepo muda wote, na maji safi.

Mimi kila mzigo naweka kimfuko cha chakula alichozoea, maana kumbadilishia ghafla kunamletea kuharisha. Gharama yake ni ndogo, unaiingiza kwenye bei. Halafu natuma ujumbe huu WhatsApp kabla boda hajafika, unaweza kuunakili:

"Boss wangu, mchanganyie chakula kipya na hiki kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10. Usimpe parachichi, vitunguu, majani ya nyanya, ugali wala mkate. Akipitisha nusu siku hajala au hajatoa kinyesi, nipigie na umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo."

Akikupigia kweli, usimwambie asubiri kesho.