Ubao wa Tanga Ziwa Victoria: Yapasayo Kujulikana na Kijana wa Bukoba na Mzazi Wake

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

Kijana wa kata ya Rwamishenye, Manispaa ya Bukoba, anayetamani kujifunza mchezo wa ubao wa tanga anayo neema ambayo vijana wa miji mingi ya bara hawana. Ziwa lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800 liko umbali wa mwendo mfupi wa bodaboda, na mchana upepo wake huvuma kuelekea nchi kavu. Lakini kijana huyo anao pia wazazi wenye kumbukumbu. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imeng'oa nanga mjini hapa siku iliyotangulia, ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu walipoteza maisha. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilianguka ziwani jirani na Uwanja wa Ndege wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia, na waliowahi kufika kuokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Kwa hiyo si ajabu mzazi anapoulizwa ruhusa ya mchezo wa majini, kabla ya kutaja gharama, akataka kujua iwapo mwanawe atarudi nyumbani. Swali hilo linastahili jibu, na sehemu kubwa ya jibu imo katika kuufahamu upepo.

Ufuko wa Bukoba unatazama mashariki. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na hewa husogea kutoka nchi kavu kwenda ziwani, hali inayoendelea hadi asubuhi. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto kuliko ziwa na mwelekeo hugeuka, upepo ukatoka majini kuja pwani. Mwanafunzi anayeingia majini asubuhi na mapema ana upepo mgongoni unaomsukuma kuelekea kilindini, na ufukweni maji huonekana yametulia kiasi cha kumdanganya. Akiingia alasiri, upepo uleule unaomwangusha ndio unaomrudisha ufukweni. Mwalimu yeyote mwenye busara atachagua alasiri, hata kama mawimbi ni makubwa kidogo.

Usiku una hatari nyingine. Pepo zinazotoka kila upande wa nchi kavu hukutana juu ya maji yenye joto, mawingu ya radi hujengeka, na mara nyingi husukumwa kuelekea magharibi, yaani upande wetu. Hii ni sababu mojawapo ya Bukoba kupata mvua nyingi, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ya ngurumo za alfajiri ambazo wakazi wamezizoea. Mwenye ubao wa tanga hapaswi kuzizoea. Mlingoti wake ndicho kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye juu ya maji. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) usomwe kila siku kabla ya kutoka nyumbani, na ngurumo ya kwanza inaposikika, tanga lishushwe.

Kifaa chenyewe hakina mambo mengi. Ni ubao unaoelea, mlingoti, tanga, na mhimili wa kushikia uliopinda pande zote mbili za tanga. Ugunduzi uliouleta mchezo huu ni kiungo kilicho chini ya mlingoti, ambacho huuruhusu kulala na kuzunguka upande wowote. Kwa sababu hiyo ubao hauhitaji usukani. Mlingoti ukiinamishwa kuelekea omo, ubao huugeuzia upepo mgongo. Ukiinamishwa kuelekea tezi, ubao huukabili upepo. Mvuvi aliyewahi kuendesha mtumbwi wa tanga ataielewa kanuni hiyo mara moja, na mabaharia wa pwani wanayo tayari istilahi ya kwenda dhidi ya upepo kwa kukata upande huu na upande ule: kubisha. Mchezo huu usichanganywe na ule unaoonekana sana Paje, Zanzibar, ambapo mchezaji huvutwa na tiara kubwa kwa kamba ndefu. Hapa tanga limo mikononi mwako, na ukiliachia linaanguka majini na ubao unasimama.

Wanaodhani kuwa huu ni mchezo wa watu wazima wakumbuke historia yake. Mwaka 1958 Peter Chilvers, mvulana wa miaka 12, aliunda ubao wake wa tanga katika kisiwa cha Hayling nchini Uingereza. Hataza ya Wamarekani Jim Drake na Hoyle Schweitzer iliombwa miaka kumi baadaye, na mwaka 1985 mahakama ya Uingereza ilipoamua shauri la hataza hiyo, ubao wa mtoto yule ulikuwa miongoni mwa vielelezo vilivyoiangusha. Robby Naish wa Hawaii alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976 akiwa na miaka 13. Mchezo uliingia Olimpiki kwa wanaume mwaka 1984 na kwa wanawake mwaka 1992.

Mapenzi ya mchezo huu huchelewa kuja, na ni vema kijana ajue hivyo mapema. Siku za mwanzo ni za kuanguka, kupanda ubaoni, kuvuta tanga lililojaa maji kwa kamba, na kuanguka tena. Viganja huchubuka na mgongo huuma. Wengi huacha katika hatua hiyo. Anayevumilia hugundua siku moja kwamba ameacha kulivuta tanga kwa mikono na anauegemeza uzito wa mwili dhidi ya upepo. Ubao huinuka, huacha kuyapasua maji na kuanza kuteleza juu yake. Kuanzia hapo, mzazi hatakuwa na kazi ya kumhimiza. Atakuwa na kazi ya kumzuia.

Kabla ya kufika huko yapo masharti yasiyo na mjadala. Kijana ajue kuogelea, avae jaketi okozi hata akiwa hodari, na asiingie majini peke yake. Tanga la mwanzo liwe dogo. Midomo ya mito kama Kanoni na sehemu zenye matete ziepukwe, na wavuvi waulizwe kuhusu mamba na viboko. Konokono wanaoeneza kichocho hukaa kwenye maji tulivu yenye mimea, hivyo anayeingia ziwani mara kwa mara apime afya, hata kama hajisikii kuumwa.

Kwa kuwa vifaa ni ghali kwa familia moja, njia nafuu ni vijana kuchangia seti moja kupitia klabu. Klabu husajiliwa kwa Msajili wa Vyama na Vilabu vya Michezo, chini ya utaratibu uliowekwa na Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na pa kuanzia ni kwa Ofisa Michezo wa halmashauri.

Ikitokea kijana amechoka au tanga limeraruka akiwa mbali na ufuko, asiuache ubao kwa kujaribu kuogelea. Ubao hauzami, na huonekana kwa urahisi kuliko kichwa cha mtu. Akae juu yake, anyooshe mikono yote miwili pembeni, aipandishe na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ni ishara ya kimataifa ya kuomba msaada. Aliye ufukweni apige simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na wakati huohuo amwite mvuvi aliye karibu.