Mfupa uliozikwa bado ni shahidi

Tangu Jeshi la Polisi litangaze, mwishoni mwa Agosti 2024, kufukuliwa kwa miili kumi mikoani Singida na Dodoma, ikiwamo iliyozikwa nyumbani kwa mganga wa kienyeji, watu huku Kikuyu, Dodoma, wameendelea kuuliza: maiti iliyokaa ardhini itathibitisha nini? Wapo wanaoapa kuwa mganga "mwenye dawa kali" akiua, hakuna kipimo kitakachomgusa. Huo ni uongo, na ndio unaomkinga muuaji anayejiita tabibu. Hatia ya watuhumiwa huamuliwa na mahakama. Maabara husema kilichotokea.

Mfupa wa mtu aliye hai una maji na kolajeni, protini inayoufanya upinde kidogo kabla ya kuvunjika. Ukipigwa hupasuka kwa kingo kali na laini, na kingo hizo zikikaa kaburini huchukua rangi ya udongo sawa na mfupa wote. Jembe likiugonga mfupa huo miaka mingi baadaye, hali ni nyingine: mfupa uliokauka humeguka kwa kingo za chengachenga, na palipovunjika huwa peupe kuliko kwingine. Hivyo mtaalamu hulitenga pigo la karibu na wakati wa kifo na jeraha la mfukuaji. Jino nalo huhifadhi vinasaba hata nyama ikiisha; vikilinganishwa na vya mzazi au mtoto, marehemu hupata jina lake.

Baadhi ya dawa pia hubaki mwilini. Uingereza, daktari Harold Shipman aliwachoma wagonjwa wake dawa iitwayo daiamofini, ambayo mwilini hugeuka kuwa mofini. Hiyo hulegeza sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi. Kabonidayoksaidi hupanda katika damu, lakini mgonjwa hahangaiki, kwa kuwa ubongo hauitikii tena ishara hiyo. Agosti 1998 ulifukuliwa mwili wa mgonjwa wake wa miaka 81, na mofini ikakutwa kwenye msuli wa paja. Mwaka 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji ya watu 15. Tume ya uchunguzi ikahesabu 215.

Waganga wa tiba asili wana sheria ya mwaka 2002 na baraza lao. Madaktari wana Baraza la Madaktari Tanganyika. Ulizia usajili, nenda na ndugu, mkimbie anayekutaka uje usiku kwa siri na fedha mkononi. Lakini Shipman alikuwa na leseni halali. Kwa hiyo ndugu akipotea, au akifa ghafla mikononi mwa tabibu yeyote, nenda polisi siku hiyohiyo. Usipite kwanza kwa mpiga ramli: ramli haijawahi kumrudishia marehemu jina lake.