Ennio Morricone
Ennio Morricone (Roma, 10 Novemba 1928 – Roma, 6 Julai 2020) alikuwa mtunzi wa muziki kutoka nchini Italia. Alitunga muziki wa filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 400.

Ubishi kuhusu kazi zake

Wapenzi wake hubishana ipi ni kazi yake bora. Wengine hutaja The Good, the Bad and the Ugly (1966), wengine The Mission (1986), iliyokosa tuzo ya Oscar.

Muziki wa The Thing (1982) ulipendekezwa kwa Razzie, tuzo ya kazi mbovu za mwaka. Lakini vipande vilivyotungwa kwa filamu hiyo bila kutumika viliingizwa katika The Hateful Eight (2015), iliyompatia Oscar mwaka 2016. Leo wengi huusifu muziki wa The Thing.