Mambo Niliyojifunza Katika Matayarisho ya Shughuli

Muhula huu kamati ya mahafali ya kidato cha nne ilinipa kazi ya kuchunguza jinsi shughuli kubwa zinavyotayarishwa. Watu wengi hudhani kwamba ni kazi ya kukodi viti na vipaza sauti tu. Sivyo.

Tazameni Nane Nane, ambayo kwetu Mbeya hufanyika katika uwanja wa John Mwakangale mapema mwezi Agosti. Mgeni huona mahindi yaliyosimama, kabichi zilizofunga na ng'ombe walionawiri, akafurahi, akaenda zake. Lakini mahindi hayajui kadi ya mwaliko. Katika Nyanda za Juu mvua za masika hukoma kama mwezi Mei, na baridi ya Juni na Julai huchelewesha mimea. Basi, atakaye kuonyesha mahindi mabichi tarehe 8 Agosti hana budi kuyapanda miezi minne au zaidi kabla, kisha kuyamwagilia. Kabichi huchukua kama miezi mitatu. Kwa hiyo ratiba huandikwa kutoka siku ya mwisho kurudi nyuma, na kila kazi hupewa siku yake na mtu wake.

Iringa nako kuna mfano mkubwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliwataka Wajerumani warudishe fuvu la Mtwa Mkwawa, aliyefariki mwaka 1898. Halikurudi. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, na humo mafuvu yalikuwa mengi mno. Likatafutwa lile ambalo vipimo vyake vilikaribiana na vya vichwa vya jamaa zake. Ndipo mwaka 1954, mbele ya umati wa watu huko Kalenga, alipomkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Angalieni mpango wake: kitu chenyewe kilipatikana kwanza, watu wakaitwa baadaye. Siku hizi mara nyingi kadi hutangulia, na fedha zikatafutwa njiani.

Sasa nije kwetu. Tuseme wahitimu ni 120, kila mmoja ana wageni wawili, na walimu na waalikwa wengine ni 40. Jumla ni watu 400. Wapishi hukadiria kilo moja ya mchele kwa watu sita, basi zatakiwa kilo 67. Kila mhitimu akijiwa na wageni wanne, watu huwa 640 na mchele kilo 107. Pengo ni kilo 40, na pengo hilo humwangukia nani? Si mgeni rasmi. Humwangukia mama aliyetoka Makete au Ileje, akafika mwisho kwa sababu gari lilichelewa, naye ndiye hawezi kungoja sufuria ya pili, kwa kuwa yampasa apate gari la kurudi kabla ya giza.

Wenzangu wengine wanashauri wasio na kadi wazuiwe langoni. Mimi sikubali, bibi hawezi kurudishwa siku ya mjukuu wake. Ni afadhali tupunguze mapambo na hotuba, tununue mchele.

Wazazi wetu mtakaosoma jarida hili wakati wa likizo, tafadhalini mtuletee idadi ya wageni wenu kabla ya tarehe 31 Agosti, hata kama ni wengi.