Mashine Haijafa, Imezibwa Pumzi

Najua wengi wenu mtacheka mkiona nimeacha mashairi na ngano nikaandika habari za mashine ya kufyonza vumbi. Subirini kidogo.

Likizo ya Agosti nilikwenda kwa shangazi yangu huko Nakuru, mji ambao inasemekana jina lake latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Basi vumbi lipo, tena si haba! Shangazi ana zulia sebuleni na mashine ya kulifyonza vumbi. Siku ya nne tangu nifike, mashine hiyo ilipiga ukelele mwembamba kama mbu wa usiku, ikatoa harufu ya joto, kisha ikazima zii. Aliyekuwa ameishika ni dada wa kazi.

Fundi mmoja akapigiwa simu. Bila hata kuiona akasema mota imeungua, na mpya ni shilingi elfu sita. Shangazi akakata kauli papo hapo: pesa hizo zitatoka kwenye mshahara wa dada, elfu mbili kila mwezi. Dada hakunena neno. Ana mtoto anayesoma huko kwao, nami nilijua kila mwisho wa mwezi pesa zake huenda wapi.

"Shangazi," nikasema, "nipe siku moja niifungue."

"Wewe? Uiharibu zaidi?"

"Si ati imeshakufa?"

Akanyamaza. Nikachukua bisibisi.

Wengi wetu hudhani mashine hii huvuta uchafu kama sumaku ivutavyo misumari. La hasha! Ndani yake mna mota inayozungusha feni kwa kasi sana. Feni husukuma hewa nje kwa upande wa nyuma, shinikizo ndani likapungua, na hewa ya nje hukimbilia kuingia kupitia bomba ikibeba vumbi. Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyeunda mtambo wa namna hii mwaka 1901, alianza kwa kutandika leso juu ya kiti cha mkahawa akafyonza kwa mdomo wake mwenyewe. Leso ikabaki na vumbi, naye akabaki akikohoa. Mtambo wake wa kwanza ulikuwa mkubwa hata ukakokotwa na farasi, ukaegeshwa barabarani, na mabomba yakaingizwa nyumbani kupitia madirishani!

Sasa, njia ya hewa ikizibwa, feni hukosa hewa ya kusukuma, kazi yake huwa nyepesi, na mota huzidi kuzunguka kwa kasi. Ndio ule ukelele. Tena katika mashine nyingi hewa hiyo hiyo ndiyo huipoza mota. Ikikosekana, mota huchemka, na mashine nyingi zina swichi ndogo ya joto ambayo hukata stima kabla mota haijaungua. Ikipoa, mashine huweza kuwaka tena. Kwa hivyo mashine iliyozima baada ya kupiga ukelele, ipumzishe kama saa nzima kabla ya kuitangazia matanga.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa plagi ukutani. Si kuzima swichi tu, chomoa! Stima yetu ni ya volti 240 nayo haijui mzaha.

Nilianza na plagi yenyewe. Plagi zetu za meno matatu zina fyuzi ndani yake. Mashine ya wati 1400 hula takriban ampea 6, basi fyuzi ya 13 yatosha. Niliihamisha ile fyuzi nikaijaribu kwenye pasi, na pasi ikapata moto. Ingekuwa imeungua ningenunua nyingine. Wale wanaofunga kipande cha waya mahali pa fyuzi wanaualika moto nyumbani. Waya nao niliupapasa karibu na plagi na pale unapoingia kwenye mashine, maana aghalabu hukatikia huko kwa kukunjwakunjwa. Ulikuwa mzima.

Kisha mfuko wa vumbi. Lo! Ulikuwa umejaa pomoni. Na hata usipojaa, vumbi laini kama majivu ya jiko au simiti huziba vitundu vyake. Chujio la sponji lililo karibu na mota lilikuwa jekundu kwa udongo. Nililiosha kwa maji baridi nikalianika hadi kesho yake, kwa sababu ukilirudisha likiwa bichi unaipelekea mota maji.

Likabaki bomba. Nililishika wima nikatumbukiza sarafu ya shilingi tano. Ikitokea chini, njia i wazi. Yangu haikutoka. Nikaingiza mpini wa ufagio polepole nisilitoboe bomba, nikasukuma, ikaanguka sarafu, na pamoja nayo soksi.

Nilirudisha kila kitu mahali pake nikachomeka plagi. Ikanguruma kwa ile sauti yake nzito ya zamani. Dada alipiga makofi.

Si kila mara mambo huwa rahisi hivyo. Mota ikiwaka na kuzima, ukiigonga inaamka, na cheche zinaonekana nyingi, huenda vile vipande viwili vya kaboni vinavyopeleka stima kwenye sehemu inayozunguka vimeisha. Hubadilishwa vyote viwili kwa pamoja. Burashi ya chini ikikataa kuzunguka, pindua mashine utazame kama nywele na nyuzi zimejisokota, au kama mkanda wa mpira umekatika. Zile mashine za kuoshea mazulia kwa maji nazo, adui yao ni sabuni ya kufulia: povu hujaa kwenye tangi la maji machafu likapanda hadi kwenye mota. Na ukiona moshi, hapo mpelekee fundi, lakini yule atakayeifungua kwanza ndipo ataje bei.

Jioni nilimwonyesha shangazi soksi. Ilikuwa na mistari ya kijani, ile ile ya sare ya shule yetu. Aliitazama, kisha akaitazama miguu yangu.

"Mwite dada," akasema, "umweleze wewe mwenyewe."

Nikamweleza. Mwisho wa mwezi dada alilipwa mshahara wake wote.