Bakshishi si mshahara: mhudumu wa hoteli anadai nini kwa mwajiri?

Kutoka Kwamsisi na vijiji jirani vya Handeni, vijana wengi, hasa wasichana, huenda kutafuta kazi kwenye hoteli za chakula za barabara kuu: Mkata, Kabuku, Segera hadi Korogwe. Wengine huambiwa hivi: "Chakula utakula hapa, pa kulala papo, hela utajipatia kwa wateja." Yaani mshahara hautajwi, au unatajwa mdogo sana, na bakshishi ndiyo ijazie.

Je, ni sawa mhudumu kuishi kwa bakshishi? Tuliangalie jambo hili kwa hesabu na kwa sheria.

Bakshishi haitabiriki

Abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Arusha ana dakika chache tu. Anakula huku akisikiliza honi, analipa, anakimbia. Siku hizi wengi wanalipa kwa lipa namba, na hela yote, pamoja na ile chenji ambayo zamani aliachiwa mhudumu, inaingia kwenye simu ya mwenye hoteli. Basi likibadilisha kituo, wateja wanapungua. Lakini kodi ya chumba na hela ya kutuma nyumbani havipungui.

Lipo na jambo zito zaidi. Mhudumu anayetegemea fadhila ya mteja hushindwa kumkemea anayemshika au kumtolea maneno machafu, hasa kwenye baa. Akikemea, anakosa hela ya siku hiyo.

Sheria inasemaje?

Mshahara ni wajibu wa mwajiri. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, iliweka shilingi 150,000 kwa mwezi kwa wafanyakazi wa migahawa, nyumba za wageni na baa. Serikali ilitangaza viwango vipya vya sekta binafsi Oktoba 2025, vya kuanza Januari 1, 2026. Kwa hiyo muulize Afisa Kazi kiwango cha sasa.

Amri hiyo haikuweka kiwango cha chini zaidi kwa wanaopata bakshishi. Marekani ni tofauti. Huko sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa aina hiyo dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijabadilika tangu 1991, ilimradi bakshishi zikipungua afidie hadi kufikia dola 7.25. Uingereza nayo, tangu Oktoba 2024, inamtaka mwajiri agawe bakshishi zote kwa wafanyakazi bila kukata chochote.

Sahani ikivunjika, au abiria akikimbia bila kulipa?

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata hasara hivi hivi. Ni lazima kosa liwe la mfanyakazi, apewe nafasi ya kujieleza, na akubali deni kwa maandishi. Hata hapo, makato hayazidi robo ya mshahara wake. Sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki. Zikizidi, ni saa za ziada na zinalipwa mara moja na nusu.

Mwenye hoteli naye anasemaje?

Atasema faida ni ndogo. Ni kweli, mama lishe mwenye sufuria tatu hana hela ya kuchezea. Lakini tupige hesabu ya mfano. Shilingi 150,000 kwa siku 26 za kazi ni kama 5,770 kwa siku. Wahudumu watatu ni kama 17,300. Hoteli ikiuza sahani 150 kwa siku, kila sahani inabeba kama shilingi 115 tu. Dereva na konda wanaoleta basi kwa kawaida wanakula bure, na gharama hiyo mwenye hoteli anaibeba. Anayebeba sahani naye asisahauliwe.

Kabla hujaanza kazi

Uliza mshahara ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi. Omba masharti ya kazi kwa maandishi. Andika kwenye daftari siku ulizofanya kazi na hela uliyopokea.

Usipolipwa, nenda kwa Afisa Kazi, au peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Usichelewe: madai ya mshahara yapelekwe ndani ya siku 60, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU nacho kinahusika na watu wa hoteli.

Nasi tunaokula, tukiridhika tuache chochote mkononi mwa mhudumu. Hiyo ni asante yetu. Mshahara unabaki kuwa deni la mwajiri.