Kampuni Iliyopigana Ng'ambo ya Songwe

Kwa Wanyakyusa wa Kyela, nchini Tanzania, ambao mto Songwe unawatenganisha na jamaa zao Wangonde wa Karonga, nchini Malawi, suala la kampuni kufaidika na vita si la nchi za mbali, kwa kuwa African Lakes Company, kampuni ya Waskoti iliyoundwa mwaka 1878 ili biashara iende sambamba na kazi ya wamisionari, iliingia vitani Karonga mwaka 1887 dhidi ya Mlozi, mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu ambaye kabla ya hapo alikuwa akiiuzia kampuni hiyohiyo pembe zake.

Hatia ya Mlozi haina ubishi. Oktoba mwaka huo watu wake waliwaua Wangonde wengi huko Kambwe, kando ya Ziwa Nyasa, na baadhi ya walionusurika wakakimbilia kaskazini kwa Wanyakyusa. Hata hivyo, ukatili wake haujibu ni nani aliyeiruhusu kampuni ya watu binafsi kupiga vita, maana Uingereza ilikuwa bado haijaitangaza nchi hiyo kuwa himaya yake. Kampuni ilikusanya watu wa kujitolea, ikawaweka mwaka 1888 chini ya Frederick Lugard, afisa wa jeshi la Uingereza, aliyejeruhiwa Juni akishambulia boma la upande wa Mlozi, na suluhu ikapatikana mwaka 1889. Waliokuwa wakiokolewa walikuwa watu kweli, lakini njia ya biashara iliyogombewa ilikuwa pia njia ya pembe, na pale mwokozi anapokuwa ndiye mfaidika, dhamiri yake pekee haitoshi kuwa hakimu. Wangonde waliopoteza ndugu na mashamba hawakuwa na mahakama ya kuishtaki kampuni wala Mlozi.

Leo sheria ya kimataifa inakataza uporaji wa kivita, yaani kujitwalia mali ya wengine kwa kutumia mwanya wa mapigano, na mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliiamuru Uganda iilipe Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake huko, zikiwamo milioni 60 za maliasili zilizoporwa, kama vile dhahabu. Wafanyabiashara wa dhahabu hiyo hawakufika mbele ya majaji hao, kwa sababu mahakama hiyo husikiliza mashauri ya nchi tu, ilhali Mahakama ya Kimataifa ya Jinai hushtaki binadamu, si kampuni. Protokali ya Malabo ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2014 ingeiwezesha Mahakama ya Afrika kuzishtaki kampuni zenyewe, lakini inahitaji kuridhiwa na nchi 15, na serikali za bara hili, kwa aibu yao, bado hazijafikisha idadi hiyo.